Insha ya Ijumaa Niliyoituma kwa Wazazi

Walimu wenzangu wa idara ya Kiswahili, siku mliponiaga kustaafu na kunikabidhi zile kanga na saa ya ukutani, mkuu wa shule alinisifu mbele ya wageni kwamba nilikuwa jasiri, mtu wa kwanza shuleni kwetu kufundisha insha kwa kompyuta. Nilinyamaza kwa heshima ya keki. Ukweli ni kwamba nimekuwa mwoga tangu siku yangu ya kwanza kazini hadi ile ya mwisho. Mmeniomba niwaandikie walimu wapya machache niliyojifunza. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwanza havina utamu wa kusimulia. Nitaeleza kazi yenyewe ilivyokuwa, halafu nitaeleza habari ya insha moja niliyoituma Ijumaa saa sita mchana, ikakaribia kumtoa mtu roho. Majina nimeyabadili, na kijiji nitakiacha bila jina.

Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Pili nikiwa nimeandika kichwa cha somo kwenye kiganja, nisije nikakisahau. Jasho lilikifuta kabla sijafika ubaoni. Nyuma ya darasa alikaa Mwalimu Mihayo, mkuu wa idara, mtu mrefu mwenye koti la rangi ya udongo, amekuja kunitazama. Nilifundisha kitu, sikumbuki nini. Tulipotoka aliniambia, "Umeongea dakika arobaini, mwalimu, na hakuna mtoto aliyeandika hata mstari mmoja. Kesho unyamaze, waandike wao."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alisahihisha kwa penseli, kwa sababu alisema kalamu nyekundu inamfanya mtoto afunge daftari kabla hajasoma alichokosea. Na ndiye aliyeanzisha Insha ya Ijumaa, ambayo ninyi mmeikuta. Insha bora ya wiki ilisomwa mbele ya shule nzima, na aliyeiandika alisimama pembeni huku akitazama viatu vyake. Mihayo alikuwa na taratibu zake katika jambo hilo. Kabla ya insha alisoma swali kwanza, lote, polepole, mpaka wanafunzi wakaanza kukohoa kwa makusudi. "Swali lilisema hivi," alikuwa akianza, na nyuma watu wakicheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni uzee.

Kompyuta zilifika miaka mingi baadaye, Mihayo akiwa ameshastaafu na kuhamia shambani kwake Ntalikwa. Zilikuwa kumi, zimetumika kwingine kabla ya kuja kwetu. Mkuu wa shule wa wakati ule alizifunika vitambaa vya kufuma akazifungia muhula mzima zisiharibike. Hazikuharibika kweli, maana hakuna aliyezigusa. Alipokubali kufungua chumba alitaka mtu wa kujitolea, nami nilijitolea kwa woga tu, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.

Wanafunzi walivua viatu mlangoni kuepusha vumbi. Walikaa wanne kwa kila kompyuta, na wa kwanza kushika kipanya alikishika kama yai. Katika kipindi cha tatu umeme ulikatika, na insha zote za siku ile zikapotea. Wasichana wawili walilia hadharani. Mimi nilikwenda kulia chooni, nikarudi na sheria ambayo natumaini bado mnaifuata: kila rasimu inahifadhiwa peke yake, kwa jina la mwanafunzi na namba, na hakuna kufuta ya zamani. Hivyo umeme ukikatika, unapoteza ya leo tu, ya jana ipo.

Faida ya sheria hiyo sikuiona mara moja. Mtoto anayeandika kwenye karatasi huogopa kubadilisha, kwa sababu kubadilisha ni kuandika upya kurasa tatu. Kwenye kompyuta niliwaona wakiondoa sentensi, wakiirudisha, wakiihamisha chini, wakicheka. Mimi niliandika maoni yangu pembeni mwa maandishi yao, na maoni hayo yalibaki ndani ya faili. Baadaye tukapata projekta, tukawa tunamulika rasimu ukutani na kuitengeneza darasa zima. Kama kuna kitu kimoja cha kunakili kwangu, nakilini hicho. Mwanafunzi akiona rasimu ya kwanza ya mwenzake anayemwona hodari, na ilivyokuwa mbovu, anapata nguvu ya ajabu.

Niliwapeleka Kwihara kila mwaka, kwenye lile tembe la kale la udongo wanaloendea wageni. Mwanzoni wote waliandika maneno ya mtu wa kuwatembeza wageni: misafara, pembe, wapagazi, Ujiji hadi pwani. Insha arobaini zenye sauti ya mtu mmoja. Binti mmoja tu aliandika juu ya harufu ya popo na jinsi shangazi yake, anayekaa jirani na tembe, anavyochoka kuulizwa njia. Niliimulika insha yake ukutani, na tangu siku hiyo wimbo wangu ukawa mmoja: andika unachokijua, weka mahali unapopajua, weka mtu unayemjua. Niliurudia kwa miaka hadi wanafunzi wakawa wananiigiza koridoni.

Kisha zikaja simu. Wanafunzi wamekatazwa kuja nazo shuleni, mnajua, lakini wazazi wanazo, na shule ikafungua kundi la wazazi wa Kidato cha Tatu. Lilikuwa kundi kama makundi mengine: salamu za asubuhi zenye maua, dua za kusambaza kwa watu kumi, mama mmoja anayeuza mafuta ya nywele. Nikaona hapa ndipo pa kuweka Insha ya Ijumaa. Nilinakili insha bora, nikabandika jina la mwanafunzi, nikatuma. Wazazi walifurahi sana. Kuna mkulima wa huko Puge, sijawahi kumwona uso, aliyekuwa anajibu kila insha kwa ujumbe wa sauti: "Hongera mwalimu, hapa nimewasomea mpaka majirani." Nilijisikia mtu. Sikuona kwamba katika kunakili nilikuwa naliacha swali nyuma kila mara. Lilikuwa refu, na kwenye simu halikupendeza.

Sasa nifike kwa Milembe. Alikuwa msichana mwembamba wa Kidato cha Tatu, anayekaa bweni na kurudi kwa bibi yake mwisho wa muhula. Bibi huyo, Bi. Nyamizi, ndiye aliyemlea tangu mama yake Milembe alipofariki. Niliwapa swali hili: "Buni kisa cha kutisha kisichozidi kurasa mbili. Tumia nafsi ya kwanza. Kisa kitokee mahali unapopafahamu." Milembe aliandika rasimu tatu. Ya tatu ilinifanya niinuke kitini.

Ilimhusu msichana anayerudi kisimani akasikia bibi yake anaongea na mtu ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku. Bibi alikuwa na macho mekundu, yanayochuruzika, kwa miaka mingi ya kuchochea moto. Msichana anachungulia kwenye ufa. Ndani amekaa mtoto wa jirani, aliyezikwa wiki iliyopita, anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, na bibi anamwambia, "Fanya haraka, mwanangu, bado mafungu sita." Basi. Kisa kiliishia hapo. Nilipata baridi mgongoni saa tano asubuhi, jua kali. Nikakinakili, nikaandika juu yake "Bibi Yangu, na Milembe, Kidato cha Tatu", nikatuma.

Mnaotoka mbali na huku labda mtajiuliza kosa liko wapi. Huku watu wengi wanaamini mtu anaweza kufa, akazikwa, kumbe amechukuliwa msukule na anafanyishwa kazi. Na huku bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji kosa lingine ili watu waanze kunong'ona. Nilizaliwa kwenye tumbaku, mambo hayo nayajua tangu utotoni. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kijijini kwa Milembe kulikuwa na mtoto wa jirani aliyefariki kwa malaria mwezi uleule. Habari za msiba zilimfikia Milembe bwenini, naye alikuwa ameandika anachokijua, kama nilivyomwimbia.

Jumamosi alasiri simu yangu iliita. "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji cha kina Milembe."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Hazina uzuri. Eti ile barua ya mtoto, ni nyinyi mliomwandikisha?"

"Barua gani, mwenyekiti?"

"Ya ushahidi. Ya bibi yake na mtoto wa jirani mle bandani."

Nikakaa kwenye ndoo iliyokuwa na maji. Nikamwambia ile ni insha, kisa cha kubuni, zoezi la shule. Akajibu, "Haijaandikwa kwamba ni ya kubuni, mwalimu. Imeandikwa Bibi Yangu. Mtu ameisoma kwa sauti akairekodi, sasa hata wasiojua kusoma wanayo. Leo asubuhi bibi kafika kisimani, wanawake wote wamebeba ndoo zao nusunusu wakaondoka. Na mlangoni kwake wameweka jembe lake mwenyewe, mpini umevunjwa. Mimi nawazuia vijana, lakini nina mdomo mmoja."

Nilikimbilia kuifuta insha. Simu ikaandika kwamba ujumbe umefutwa, nikapumua. Dakika hiyohiyo mzazi mmoja akaandika, "Mwalimu mbona umefuta? Ilikuwa nzuri mno, ngoja niirudishe," akairudisha, na maua juu yake. Nilitamani kuitupa simu ukutani. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na woga wenyewe ulikuwa wa aina mbili. Niliogopa kwamba bibi wa watu atauawa. Na niliogopa, Mungu anisamehe, kwamba jina langu litatajwa.

Nilikwenda polisi, nikaandika maelezo, wakaahidi kupeleka askari wawili. Mtendaji wa kata akakubali kuitisha mkutano Jumatatu asubuhi katika darasa la shule ya msingi ya kijiji. Jumapili nilimwita Milembe ofisini nikamweleza. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Bibi amekula?"

Wazo langu lilikuwa kuwaonyesha wanakijiji rasimu zote tatu, waone kwa macho yao jinsi kisa kinavyotengenezwa, kama tunavyofanya darasani. Niliwasha kompyuta nizipange. Rasimu ya kwanza: ndani ya bani yumo mwizi. Rasimu ya pili: yumo mzee mgeni mwenye fimbo, na bibi hatajwi popote. Na pembeni mwa rasimu ya pili, kwa maneno yangu, chini ya jina langu, nilikuwa nimeandika: "Huyu mzee simwoni. Mtoe. Weka mtu unayemjua kila kitu chake, hata macho. Kwa nini asiwe bibi yako?"

Nilisoma maneno yale labda mara kumi. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Milembe hakuwa na nia yoyote na bibi yake. Mimi ndiye niliyemwingiza.

Kuyafuta kulihitaji kubonyeza mara moja, na hakuna ambaye angejua ila Milembe, naye asingesema. Nikaweka kidole, nikakitoa, nikaweka tena. Mwisho nikampigia simu Mzee Mihayo kule Ntalikwa, nikamweleza yote huku nikikwamakwama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisoma swali kwanza?" akauliza.

"Sikulisoma, mzee."

"Basi kalisome kesho. Na hayo mengine yasomeke vilevile."

Jumatatu darasa lilijaa hadi madirishani. Ili projekta ionekane ilibidi tuzibe madirisha kwa kanga na magunia, na umeme tulipewa na jenereta la mwenye mashine ya kusaga. Askari walisimama mlangoni. Bi. Nyamizi alikaa mbele, kwenye benchi la watu wanne, peke yake. Upande wa pili alikaa mama wa yule mtoto aliyefariki, msichana tu, amejifunga kitenge cheusi. Milembe alisimama karibu na kompyuta, na mimi nikamkabidhi yeye kipanya.

"Swali lilisema hivi," nikaanza, nikalisoma lote, polepole. Hakuna aliyekohoa.

Tukamulika rasimu ya kwanza. Milembe aliisoma, na alipofika kwa yule mwizi aliyekwama mlangoni na mzigo wa tumbaku wanaume wawili wakacheka. Nilianza kupata matumaini. Tukamulika ya pili. Mwenyekiti, aliyekuwa anasoma kwa mwendo wake, akanyoosha kidole ukutani. "Na hayo madogo ya pembeni ni nini?"

Nikayasoma mwenyewe. Nilipofika neno la mwisho nikasema, "Hayo ni yangu. Mtoto hakumtaja bibi yake. Nilimwambia mimi."

Jenereta lilinguruma nje. Aliyesema kwanza ni yule mama kijana. "Kwa hiyo mwanangu hayumo mle bandani?"

"Hayumo, mama. Ni maneno tu ya kutunga."

"Mimi nimekwenda kuchungulia mara mbili," alisema. "Nilikuwa nimebeba uji." Akajifunika uso kwa kitenge, na wanawake waliokaa nyuma yake wakaanza kulia naye. Nimeandika maoni pembeni mwa insha maelfu, walimu wenzangu, na sikuwahi kufikiria kwamba mojawapo lingempeleka mtu na uji kwenye bani la jirani.

Ndipo Bi. Nyamizi akainuka. "Mwalimu, mimi sikusoma. Naomba kuuliza. Hayo ya pembeni, uliyaandika ukiwa unanijua?"

"Nakujua, mama. Ulikuja siku ya wazazi. Tulikunywa chai ofisini."

"Tulikunywa. Ukaniongezea sukari. Sasa siku ile ulinionaje, hata ukaona niingizwe mle bandani?"

Ningeweza kusema nilitafuta mfano tu. Nilikuwa na digrii na miaka mingi ya maneno ya kujitetea. Lakini mbele ya ukuta ule, maandishi yangu yakiwa makubwa kuliko mimi, nilikumbuka vizuri siku ya wazazi: alivyoinua uso kunishukuru kwa chai, na nilivyoshtuka, nikajifanya natafuta kijiko. Mimi, mtoto wa tumbaku, ninayejua moshi unavyofanya macho. "Niliogopa macho yako, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akakaa.

Mkutano uliisha vizuri, ndivyo mtendaji alivyoandika katika taarifa yake. Mwenyekiti alitangaza kwamba bibi hana kosa na atakayemgusa atapelekwa mbele ya sheria. Mama kijana alimpa mkono. Kuna mtu alileta mpini mpya wa jembe, hakusema ni nani aliyeuvunja ule wa zamani. Hakuna aliyemdhuru Bi. Nyamizi. Hata hivyo, kabla ya mvua aliuza mbuzi zake akahamia kwa binti yake mwingine hapa mjini, na bani lake likabaki tupu. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba nipewe barua ya onyo. Alisema ameshalimaliza jambo hilo. Mimi sikulimaliza.

Tangu hapo hakuna insha niliyoituma popote bila swali lake juu, wala bila kumuuliza aliyeiandika ni nani ataisoma huko inakokwenda na atafikiri nini. Rasimu zetu zote, pamoja na maoni yangu, zimo katika flashi ya bluu kwenye droo ya idara. Someni zile za kwangu vilevile kwa makini, kabla ya za wanafunzi. Ninyi sasa mnafundisha na mitambo inayomwandikia mtoto insha nzima akinywa soda, na mnaniuliza kama naiogopa. Naiogopa, ndiyo. Lakini sentensi ile ya pembeni haikuandikwa na mtambo.

Milembe alimaliza Kidato cha Nne, na siku ya mahafali bibi yake alikuja. Nilimwona kwenye viti vya nyuma, amevaa kanga mpya. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kumfuata. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu," akajibu, kwa upole tu, huku amekaza uso chini, anatazama mikono yake. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu wangu uliokuwa ukiniuma, na muda wote huo hakuinua kichwa hata mara moja. Nikajua amenikasirikia, na nikaona ni haki yake. Nilipoaga, Milembe alinisindikiza hatua chache. Nikamwambia, "Bibi bado ana hasira na mimi."

"Hapana, mwalimu," Milembe akasema. "Anafanya hivyo kwa watu wote siku hizi. Hataki waogope."